Hiace ya 1996 niliyoigeuza nyumba ya kulala: nifunge kamera gani ya rivasi?

Msafiri_wa_Jinja (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Nina Hiace ya 1996, dizeli, injini ya 3L, gia za mkono. Ilikuwa kamunye (teksi ya abiria) ya njia ya Iganga miaka mingi kabla sijainunua. Viti vyote niling'oa, nikafunga kitanda cha mbao nyuma, kabati, jiko dogo la gesi na betri ya pili. Mimi na mama watoto tunatembea nayo: maporomoko ya Sipi, Ziwa Bunyonyi, na mara moja tulijikaza tukafika hifadhi ya Kidepo.

Shida iko nyuma. Kabati limeziba nusu ya kioo, nusu nyingine ni godoro na pazia. Kile kioo cha katikati cha dereva nilikitoa zamani, maana kilikuwa kinanionyesha mito tu. Enzi za ukamunye gari hili lilikuwa na kondakta: anashuka, anapiga bodi kwa kiganja, "rudi, rudi, rudi, weka!" na dereva anarudi hata ndani ya soko. Kondakta wangu sasa ni mke wangu, na usiku tukifika kambini yeye huwa ameshalala.

Mwezi uliopita tulikuwa Bunyonyi. Nilirudi taratibu kabisa kutafuta sehemu tambarare, nikasikia "kwaa!" Kisiki cha mkaratusi, kimo cha goti, hakionekani kwenye vioo vya pembeni hata ungetoa shingo nje. Bampa imebonyea, taa ya kushoto imepasuka. Sikuumia sana roho kwa bampa. Kilichoninyima usingizi ni kwamba jioni ile ile watoto wa majirani wa kambi walikuwa wanacheza mpira palepale.

Nimezunguka madukani Kampala nikatoka na kizunguzungu. Ya waya, isiyo na waya, ya HD, ya lori, ya kuvaa juu ya kioo. Bei kuanzia laki moja na kitu mpaka laki sita. Nichukue ipi? Na ninaweza kufunga mwenyewe? Koleo na bisibisi navijua, mita ya umeme ninayo.

---

Afande_Mstaafu

Pole kwa bampa kijana. Sisi tulirudisha malori usiku bila taa, mtu mmoja nyuma ana tochi, na tukafika. Kondakta hahitaji fyuzi.

Ila nikupe onyo moja lililonigharimu. Mimi nina Coaster. Nilinunua kamera ya bei rahisi, nikaifunga kwenye taa ya rivasi, nikaingiza gia. Ilitoa harufu kama plastiki inayochomwa, basi, habari yake ikaishia hapo. Coaster nyingi za dizeli kutoka Japani ni za volti 24, na kamera ile ilikuwa ya 12. Angalia betri zako kabla ya kuangalia bei.

---

Msafiri_wa_Jinja

Shikamoo afande. Hiace yangu ni 12 tu, nimepima leo. Asante, maana duka moja waliniambia "inafanya kazi gari lolote".

---

Kijana_wa_Spea

Mkuu usijitese. Chukua isiyo na waya. Dakika ishirini umemaliza, hakuna kutoboa bodi wala kufungua dari. Waya ni mambo ya zamani.

---

FundiWaya

Kijana, isiyo na waya ina waya. Kamera itakula nini, hewa? Lazima uipe umeme kutoka taa ya nyuma, na skrini uipe umeme mbele. Ulichokwepa ni ule mmoja tu wa picha, na huo ndio rahisi kuliko wote kupitisha. Badala yake umepata picha inayosafiri kwenye masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya Wi-Fi na Bluetooth, ndani ya sanduku la chuma lililojaa kabati, jiko na betri. Zile za analogi zinashika chenga ukipita karibu na chochote. Za kidijiti ni bora, nakubali, lakini picha huchelewa kidogo, na unaporudi nyuma "kidogo" ndiyo tofauti ya kisiki na kutokuwa na kisiki. Kwa trela linalofunguliwa kila siku sawa, sina ubishi. Kwa Hiace, vuta waya.

Sasa wewe Msafiri. Kabla hujanunua chochote, fungua swichi bila kuwasha injini, ingiza rivasi, vuta hendibreki, shuka uangalie kama taa nyeupe za nyuma zinawaka. Sikutanii. Wengi wanaoniletea kamera "iliyokufa", kamera ni nzima. Taa ya rivasi ndiyo iliyokufa siku nyingi na mwenye gari hana habari, kwa sababu nani hushuka kuangalia taa za nyuma za gari lake mwenyewe? Kwenye gia za mkono kuna swichi ndogo imefungwa kwenye giaboksi. Fimbo ikiingia rivasi inabonyezwa, umeme unakwenda nyuma. Inaishi chini huko na matope na mafuta. Ikigoma hakuna taa, na kamera uliyoiunga kwenye taa haitawaka hata iwe ya dhahabu.

Taa ikiwaka, pima volti hapohapo kwenye soketi, na balbu ikiwa ndani inawaka. Ukitoa balbu mita itakudanganya: itaonyesha 12 hata kama waya umebaki nyuzi mbili, kwa sababu mita yenyewe haili umeme. Ukiona 12 au chini yake kidogo, endelea. Ukiona 9, kuna kutu mahali. Safisha kwanza, la sivyo utapata picha inayopepesa kisha utukane aliyekuuzia.

Jambo la pili, kamera na skrini lazima vizungumze lugha moja. Kuna CVBS, ile analogi ya zamani yenye plagi ya njano kama ya deki ya video. Kuna AHD, picha kali ya 720 au 1080. Plagi zinaweza kufanana kama mapacha, ila ukichomeka AHD kwenye skrini inayojua CVBS tu utaona giza au mistari. Ndiyo maana nawaambia watu wanunue kamera na skrini pamoja, kisanduku kimoja, na waviwashe palepale kaunta kwa betri ya muuzaji. Akikataa kuvijaribu, rudisha pesa zako mfukoni.

---

Kijana_wa_Spea

Fundi umenichapa mbele za watu. Haya, kuhusu AHD uko sahihi, vitu vingi vinarudishwa dukani kwa sababu hiyo.

---

MwalimuMaswali

Nimekuwa nikisoma kimyakimya. Watu wanadhani kamera za nyuma ni mambo ya juzi. General Motors walionyesha gari la maonyesho, Buick Centurion, mwaka 1956, lenye kamera ya televisheni nyuma badala ya kioo. Toyota wakaiweka kwenye Soarer huko Japani mwaka 1991. Marekani wakaifanya lazima kwa magari madogo mapya kuanzia Mei 2018. Kwa hiyo Hiace ya Msafiri ilipotoka kiwandani teknolojia ilikuwepo, ila haikuwa kwa ajili ya watu wa kamunye.

Halafu uitunze hiyo gari. Mwaka huohuo wa 2018 sisi Uganda tulipitisha sheria ya kuzuia kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Hiace kama hiyo huwezi kuagiza nyingine.

---

Mama_Kempa

Hodi. Niko Fort Portal, nina Volkswagen T4 ambayo Mjerumani mmoja aliiacha hapa baada ya safari yake, nimekaa nayo miaka sita. Kaka Msafiri, hakuna aliyekuuliza swali la maana: unaitaka kamera ya kurudi nyuma tu, au unaitaka iwe kioo chako barabarani?

Nauliza kwa sababu umesema kioo cha katikati umekitoa. Mimi pia. Nilifunga kwenye taa ya rivasi kama kila mtu, nikawa naona vizuri nikiegesha, halafu kwenye barabara ya Kampala sioni nani ananijia nyuma. Nikaifungua yote nikaanza upya. Sasa kamera inakula umeme wa swichi ya gari kupitia kitufe kidogo kwenye dashibodi na fyuzi ya ampea 2. Nikitaka naiacha ikiwaka safari nzima. Waya wa rivasi nimeupeleka kwenye skrini peke yake, kazi yake ni kuamrisha tu: gia ikiingia, mistari ya kuegeshea inatokea. Kamera hizi zinakula umeme mdogo mno, betri haitambui.

Usiunge kwenye betri ya pili moja kwa moja bila swichi. Utaisahau, utaamka asubuhi friji imelala.

Na vumbi! Gari lenye mgongo bapa kama zetu linavuta vumbi lake lenyewe. Hewa nyuma inazunguka na kulirudisha kwenye mlango. Kilomita thelathini za murami (barabara ya udongo) na lenzi iliyo karibu na namba imekuwa ukuta wa matofali. Niliihamishia juu, chini ya ukingo wa paa. Bado inachafuka ila taratibu, na nikiwa juu naona ardhi kama ndege. Ubaya wake ni kwamba kutoka juu bampa lako huoni vizuri usipoilaza kamera chini kabisa. Naweka kitambaa chenye maji mlangoni, kila tukisimama kununua rolex (chapati ya mayai) nafuta.

---

FundiWaya

Dada amemaliza. Kwa kempa (gari la kulala) iliyoziba nyuma, ya kuwaka wakati wote ndiyo yenyewe. Niongeze tu: kuna kamera zina vitanzi viwili vya waya mwembamba karibu na plagi. Ukikata kimoja mistari inapotea, ukikata kingine picha inageuka kushoto kwenda kulia. Rangi hutofautiana, soma karatasi yake kabla ya kukata. Kamera ya nyuma lazima picha igeuzwe kama kioo, ili kilicho kushoto kwako kikae kushoto kwenye skrini.

---

Msafiri_wa_Jinja (wiki moja baadaye)

Nimerudi na ripoti, na aibu kidogo.

Taa ya rivasi ilikuwa haiwaki! Hata moja. Nimeendesha gari hili mwaka na nusu. Nililala chini ya gari Jumamosi, nikaikuta swichi kwenye giaboksi imefunikwa na tope gumu kama simenti. Nilikwangua, nikachomoa plagi, nikagusanisha waya mbili kwa kipande cha waya: taa zikawaka. Swichi mpya imeletwa Jumatatu. Fundi, nakuheshimu.

Nimenunua seti ya analogi ya CVBS yenye skrini ya inchi 7 na waya wa mita 10, kisanduku kimoja, laki moja na themanini baada ya kupigania sana bei. Muuzaji aliniletea ya AHD iliyo ghali zaidi, nikamwambia niwashie hapa kwenye hii skrini ya bei rahisi. Giza. Tukacheka wote wawili.

Jana nikafunga. Kamera nimeiweka juu kama alivyosema dada. Tundu nimelitoboa kwa drili, nikalisugua kingo kwa tupa, nikalipaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili na kusubiri ikauke kabla ya kuvalisha mpira. Waya kabla ya kuingia tunduni nimeuacha uning'inie kidogo chini, ili maji yadondokee pale badala ya kuufuata ndani.

Lakini. Nikiwasha, picha safi. Nikifungua mlango wa nyuma, picha inakufa. Nikifunga, inarudi. Mke wangu anasema nimenunua friji ya kinyumenyume.

---

FundiWaya

Mlango wa nyuma wa Hiace unafunguka kwenda juu. Waya umepita wapi pale kwenye bawaba?

---

Msafiri_wa_Jinja

Pembeni ya bawaba, nimeubana kwa vifungo vya plastiki usicheze.

---

FundiWaya

Ndiyo hapo. Umeubana usicheze, na mlango unacheza. Kila ukiufungua unauvuta. Pale juu kwenye kona kuna mpira wa mkunjo kama mkono wa akodiani unaopitisha nyaya za mlango kutoka bodini. Waya wako upite humo na wenzake, na uuachie ulegee. Uchomoe pande zote mbili, usiukate. Utafute waya mgumu wa hanga, uupitishe kwanza, kisha ufunge wa kamera nyuma yake kwa tepu na kuuvuta. Sabuni ya kuoshea vyombo kidogo itasaidia plagi ipite.

---

Msafiri_wa_Jinja (siku iliyofuata)

Wakuu, ndani ya ule mpira nimekuta historia ya gari langu.

Nilipouvuta utoke, nyaya za zamani zilikuwa zimepasuka ngozi zote palepale zinapojikunja, kama nyufa za ukuta wa udongo. Shaba imegeuka kijani. Waya mmoja umekatika kabisa, ncha mbili zinatazamana. Nikaufuata: ni wa taa ya namba. Nimewahi kusimamishwa usiku mara mbili kwa ajili ya taa ya namba, na mara zote mbili nilibadilisha balbu. Mara ya pili nilimgombeza muuza balbu.

Nimekata sehemu yote iliyooza, nikaunga waya mpya mlaini wenye nyuzi nyingi, nikalehemu na kuvalisha mpira wa kusinyaa kwa moto. Maungio nimeyaweka nje ya mkunjo, moja mbele na jingine nyuma, yasikae pamoja. Kazi ya kamera ilikuwa saa mbili. Kazi ya mpira ule ilikula siku nzima na vidole vyangu bado vina alama.

Mlango unafunguka, picha haitingishiki. Taa ya namba inawaka.

---

Mama_Kempa

Hongera kaka! Injini ikiwa imewashwa je, picha haina mistari?

---

Msafiri_wa_Jinja

Ilikuwa nayo, mistari myembamba inapanda kama mvua ya kinyumenyume, na nikikanyaga mafuta inaongeza kasi. Nimekwangua rangi pale nilipofunga waya wa hasi mpaka chuma king'ae. Imepungua sana, haijaisha.

---

FundiWaya

Hasi ya kamera iko wapi, na ya skrini iko wapi?

---

Msafiri_wa_Jinja

Kamera kwenye bodi nyuma. Skrini kwenye bodi mbele.

---

FundiWaya

Toa hasi ya nyuma. Umeshavuta waya wa umeme kutoka mbele, vuta na wa hasi pamoja nao, vyote viwili vifungwe bolti moja mbele. Bodi ya gari la zamani ina kutu kwenye maungio, hasi ya nyuma na ya mbele hazilingani sawasawa, na tofauti hiyo inapita kwenye waya wako wa picha.

---

Msafiri_wa_Jinja

Imeisha. Mistari imekwisha kabisa.

---

Kijana_wa_Spea

Fundi njoo ufanye kazi dukani kwetu.

---

Simba_wa_Mbale

Swali la mwisho kwa niaba yetu tulionunua na hatujafunga: ile mistari ya kijani, njano na nyekundu, nyekundu ni umbali gani? Ya kwangu karatasi imeandikwa Kichina tupu.

---

Mama_Kempa

Usiiamini karatasi hata ingekuwa ya Kiswahili. Mistari ile imepimwa kwa kamera iliyo kimo fulani na pembe fulani, na yako haiko hapo. Lenzi pana nayo hukufanya uone vitu viko mbali kuliko vilivyo. Chukua jerikeni ya njano ya lita 20, iweke mita moja kamili nyuma ya bampa, angalia ilipo kwenye skrini, bandika kipande kidogo cha tepu pembeni ya skrini. Kisha mita mbili, tepu nyingine. Na kama una kibebea baiskeli nyuma, pima kuanzia baiskeli.

---

FundiWaya

Na ukipeleka gari kuoshwa, waambie wasielekeze pampu kwenye lenzi. Kamera ya IP67 imepimwa kukaa kwenye maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Hiyo si sawa na kupigwa na pampu kwa karibu, kipimo cha pampu ni kingine, IP69K. Na hata hayo maandishi ya kisanduku, kila mtu anaweza kuchapisha. Mimi huzungusha silikoni kidogo pale waya unapoingia kwenye kamera.

---

Msafiri_wa_Jinja (mwezi uliofuata)

Tumetoka Bunyonyi jana. Nilirudi palepale pa siku ile, usiku, kwenye tope. Kisiki nimekiona kwenye skrini kabla ya tepu ya mita mbili, kimekaa pale kama mwenye shamba. Nikasimama, nikakata usukani, nikaegesha.

Picha ya usiku si nzuri sana, taa zangu za rivasi ni hafifu. Nafikiria kuongeza taa ndogo ya LED nyuma. Nitafungua uzi mwingine.

---

Afande_Mstaafu

Vizuri sana. Na kondakta wako umemstaafisha?

---

Msafiri_wa_Jinja

Hapana afande. Bado anashuka na kupiga bodi. Anasema hiyo kamera haijui kwenda kununua chapati.